Mama Vitufe na Risiti ya Pili

Walimwita Mama Vitufe, na jina lilimkaa. Katika kampuni yao ya kutengeneza tovuti, kila timu ilikuwa na wateja wake: hawa maduka, wale shule, wengine dobi. Lakini vitufe, visanduku vya kuandikia na kalenda za kuchagulia tarehe, wote walichota kwake, kwenye kifurushi kimoja cha pamoja. Akibadilisha kitufe chake, kinabadilika kote. Na alikuwa na mkono, mama huyo! Vitufe vyake vilikuwa laini hata nzi akitua juu yake huteleza akavunjika kiuno.

Kila toleo jipya alilipatia namba. Ikipanda namba kubwa, maana yake: jamani, mambo yamebadilika, someni kwanza. Ikipanda ndogo: nimeziba kitundu tu, msihangaike. Na hilo la namba ndogo tovuti zote hulimeza zenyewe, bila kuuliza.

Basi siku moja akaona kwenye takwimu za tovuti kuwa watu wanabonyeza mara mbili kwa papara. Akakifundisha kitufe adabu: kikishabonyezwa, kinajifunga mpaka ukurasa ufunguliwe upya. Kitundu kimezibwa, akasema. Akapandisha namba ndogo, akaenda kunywa chai.

Chai haijapoa, Tarumbeta huyo mlangoni. Alikuwa mkuu wa timu ya tovuti ya dobi, na sauti yake ikipita koridoni viti vya ofisi humpisha.

"Dada, umetuua!"

"Nimewaua na nini tena, kaka?"

"Kitufe cha Chapa! Kwa dobi wanakibonyeza mara mbili. Risiti moja ya mteja, ya pili wanaibandika kwenye nguo. Tangu asubuhi ya pili haitoki. Nguo hazina mwenyewe!"

"Si mngeniomba kitufe cha risiti mbili?"

"Tuombe cha nini, na kilikuwa kinafanya kazi? Sikia, sisi tunajitoa. Tutatengeneza vitufe vyetu. Na timu ya shule wanatufuata."

Mama Vitufe akapiga hesabu. Timu zikianza kutoka, kila moja itakuwa na kitufe chake na kasoro zake, na kazi aliyoilea kama mwana itamfia mikononi. Alikirudisha kitufe cha zamani, akatoa toleo, akachukua mkoba akaenda kwa dobi kwa miguu yake.

Alikuta rundo la nguo limefika darini, taa imevaa soksi.

"Ni wewe uliyekifunga?" akauliza mama mwenye dobi.

"Ni mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Weka mkoba, tupange. Kuna bwana mmoja kaondoka na gauni la mjamzito, na mpaka sasa hajarudi. Labda limemkaa."

Walipokuwa wakipanga, Mama Vitufe alitazama vidole vya yule mama. Yule mama alibonyeza Chapa ta-ta, bila kuangalia, kama anayebisha hodi kwa jirani. Miaka yote ile Mama Vitufe hakuwahi kumwona mtu kwa macho yake akibonyeza kitufe chake.

"Na ukitaka risiti tatu, mama?"

"Nabonyeza mara tatu. Kwani kazi yake nini?"

Aliporudi kazini alitengeneza upya. Safari hii akapandisha namba kubwa, na ujumbe juu yake: kitufe sasa kinajifunga, anayetaka kibonyezwe tena na tena, aongeze neno hili kwenye programu yake. Hakuna tovuti iliyolimeza toleo bila mwenyewe kukubali.

Timu ya shule walijitoa hata hivyo, wakatengeneza vitufe vya kijani kama nyongo, na wanavipenda. Tarumbeta aliusoma ujumbe, akausoma tena.

"Toleo hili amelijaribu nani?"

"Mama wa dobi. Na kuanzia sasa hakitoki kitu kabla hajakigusa."

"Yule? Hata mimi hunifukuza kama kuku!"

"Ndiyo maana nimemtaka yeye."

Tarumbeta akasonya, akavuta kiti, akalipokea toleo.