Consolatha Aliyesomea Viti

Consolatha binti Bernardo alizaliwa Kipalapala, nyuma ya jiko la seminari. Baba yake alikuwa mpishi pale, na nyumba waliyopewa ilikuwa karibu na jiko kiasi kwamba maharage yakiungua, wa kwanza kujua ni mama aliyelala, siyo mpishi aliyesimama. Kila Noeli mafrateri waliigiza kuzaliwa kwa Bwana, na watoto wa majirani wakaitwa kusaidia. Wasichana wenzake waligombania kuwa Maria. Consolatha, miaka tisa, aligombania ufunguo wa stoo ya mabenchi.

Hapo ndipo pa kumwelewa mtu huyu. Wakati wenzake wanatazama malaika, yeye anatazama nani kaikamata kamba ya pazia, nani atamwambia malaika kwamba zamu yake imefika, na bibi kizee wa kule nyuma anaona au anaona visogo tu. Aligundua mapema jambo ambalo watu wengi wanakufa hawajaligundua, kwamba pasipo mtu wa kupanga mabenchi, hata Bwana anazaliwa gizani.

Akasoma, akawa mwalimu wa shule ya msingi mjini Tabora. Miaka kumi na minne. Kila mahafali, kila siku ya wazazi, kila mgeni rasmi, anaitwa yeye. Halafu, ana umri wa miaka thelathini na tisa, akapata ufadhili wa kwenda Dar es Salaam kusomea shahada ya uzamili. Siku aliyowaambia wenzake ofisini, mwalimu Silasi aliweka chaki chini.

"Uzamili wa nini, dada?"

"Uongozi wa sanaa. Kuendesha kumbi za maonyesho, vikundi, matamasha."

"Yaani kupanga viti."

"Pamoja na viti."

"Jamani, njooni msikie! Consolatha anakwenda Dar kusomea viti! Akirudi tutamwita daktari wa stuli!"

Wakacheka mpaka kengele ikalia. Yeye naye akacheka, maana Silasi ndiye aliyembebea sanduku mpaka stesheni, tena bila kuombwa. Watu ndivyo walivyo, mdomo na mkono havitoki tumbo moja.

Basi akasoma. Akajifunza kuandika ratiba, kupata vibali, kuhesabu watazamaji, kujua mtu wa aina gani anakuja na kwa nini mwingine haji. Mambo mazuri, na asiyejua asiyadharau. Mwisho wa mwaka wa pili ikabaki kazi moja, yaani kila mwanafunzi aandae onyesho la kweli, mbele ya watu wa kweli, na msimamizi wake aje kulishuhudia kwa macho. Onyesho moja, siku moja. Likiharibika, hakuna kurudia, maana ufadhili ulikuwa unaisha mwezi ule ule. Angerudi Tabora mikono mitupu, Silasi anamngoja mlangoni.

Consolatha akachagua Goweko, kwao na mama yake, Eustadia. Na hapo ndipo alipojitafutia balaa.

Goweko kulikuwa na vikundi viwili vya ngoma. Kimoja manju wake, yaani kiongozi na mtunzi, alikuwa mzee Masolwa, mkulima wa tumbaku, mrefu, sauti kama ya filimbi ya treni. Kingine manju wake alikuwa Nyamizi, mwanamke, dada wa bibi yake Consolatha mzaa mama. Nyamizi alikuwa na miaka sabini na kitu, njuga miguuni, na hakuna mwanamume wa wilaya ile aliyewahi kumnyamazisha. Desturi ya huko ni hii: tumbaku ikishauzwa na watu wamepumzika, vikundi viwili vinakutana uwanja mmoja, saa ile ile moja, vinatazamana, na vyote vinapiga kwa pamoja. Watu hawakai. Wanakwenda huku, wanavutwa kule, wanarudi. Jua likiinama, mwenye watu wengi zaidi ameshinda. Basi.

Tatizo lilikuwa hesabu. Kila mara Masolwa aliona wake ni wengi, na Nyamizi aliona wake ni wengi, na mashabiki wakaanza kuhesabiana kwa fimbo. Mwaka mmoja mtu alivunjwa mkono. Wazee wakasema, basi, hawa wawili wasikutane tena. Miaka mitatu hawakukutana.

Consolatha alikwenda kwa Nyamizi akamkuta anabanja karanga.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umekonda. Huko Dar wanakula karatasi?"

Akamweleza. Wazee wamekubali ngoma ichezwe, kwa sharti kwamba isiwe mashindano. Masolwa atacheza kwanza, saa moja. Kisha mapumziko. Kisha Nyamizi, saa moja. Watazamaji watakaa kwenye viti, na kamba itazungushwa.

Nyamizi akaacha kubanja. "Zamu?"

"Zamu, bibi."

"Wewe ulizaliwa na Eustadia au ulinunuliwa dukani? Ngoma ya zamu ni kama ugomvi wa zamu. Nitukane leo, nikujibu Jumanne?"

"Wageni wanatoka Dar, bibi. Msimamizi wangu anakuja. Nikishindwa hapa nimeshindwa kabisa."

Bibi akapangusa mikono. Akachukua karanga zilizobanjwa, akamjaza mkononi. "Kwa ajili yako nitajaribu," akasema. "Sikusema nitaweza."

Consolatha alisikia neno la kwanza tu. La pili aliliacha palepale na maganda.

Siku ikafika, Jumamosi ya mwezi wa saba, upepo unapeperusha vumbi jekundu kwenye uwanja ulio kando ya ghala la tumbaku. Viti vya plastiki mia tatu vilikuja kwa lori kutoka mjini, vikapangwa mistari iliyonyooka kama matuta ya viazi. Kamba ya katani ikazungushwa kwenye miti. Kuingia bure, lakini kila mtu mlangoni alipewa kadi moja ndogo ya kijani, ili Consolatha ajue wamekuja wangapi, kama alivyofundishwa. Waliokosa kiti walisimama nyuma. Walimu wenzake sita, Silasi akiwemo na filimbi shingoni, ndio waliokuwa wakielekeza watu. Mbele kabisa akakalishwa msimamizi, Daktari Mwamvita, mama wa makamo aliyevaa gauni la kitenge na miwani ya kamba. Naye alipewa kadi yake kama mtu mwingine.

Masolwa akaanza. Ngoma ikalia, wachezaji wakaingia, na Consolatha akaona mambo yanakwenda sawasawa kama alivyoandika. Dakika tano. Dakika kumi. Halafu akainua macho kutoka kwenye ratiba. Watu walikuwa wamekaa kimya, mikono mapajani, kama wanaosikiliza tangazo la mbolea. Wachezaji wa Masolwa walikuwa wanatupa miguu kama watu wanaotwanga nafaka ya jirani. Hakukuwa na kosa popote. Na uhai haukuwapo popote.

Masolwa mwenyewe akanyanyua mkono, ngoma ikakatika. Akaangaza macho uwanja mzima.

"Adui yangu yuko wapi?" akauliza. Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu aliyeamka akakosa mguu.

Nyuma ya ghala, alipoambiwa angoje zamu yake, Nyamizi alisikia. Nani angevumilia? Miaka mitatu amenyamaza, leo anaitwa kwa jina la heshima kuliko yote. Ngoma yake ikapiga mara moja. Ikapiga mara ya pili. Kisha ikamwagika.

Shingo zote zikageuka. Mzee mmoja wa mstari wa tatu akainuka, akajitwika kiti chake kichwani, akaruka kamba, akaenda. Wakamfuata kumi. Wakamfuata hamsini. Viti vyeupe vikawa vinatembea hewani. Masolwa kuona vile akarudiwa na damu, akawafokea vijana wake, na ngoma yake sasa ikalia kama ngoma. Nusu ya waliokwenda wakageuka wakarudi. Silasi anapuliza filimbi, hakuna anayesikia. Mtu mmoja akamwambia Daktari Mwamvita, "Samahani mama, inuka kidogo," akakichukua na kiti chake.

Consolatha alisimama katikati na karatasi ya ratiba mkononi. Silasi akamjia mbio.

"Dada, niwaite wazee? Wazime ngoma zote mbili? Wakianza kupigana hapa, shahada yako imekwenda!"

Akatazama ratiba. Akatazama watu. Akamwona mama mmoja mwenye mtoto mgongoni amesimama njia panda, hajui aende wapi, mwili wote unacheka. Na Consolatha akakumbuka kuwa yeye mwenyewe aliwahi kuwa yule mtoto, kwenye mgongo wa Eustadia, uwanja huu huu.

"Usizime," akasema. "Ng'oeni miti ya kamba."

"Nini?"

"Ileteni kamba hapa. Ilazeni chini, katikati ya Masolwa na bibi. Na vikapu viwili vya tumbaku, kimoja kila upande."

Silasi alikuwa mtu wa maneno, lakini aliijua sauti ya mwalimu aliyekwisha kuamua. Wakang'oa. Wakalaza. Consolatha akapanda juu ya meza, akawangoja manju wote wawili wamtazame, akatangaza. Kila mtu ana kadi moja. Chezeni mpaka jua liguse paa la ghala. Filimbi ikilia, kila mtu atatia kadi yake kwenye kapu la upande aliosimama. Mtu mmoja, kadi moja. Kisha zitahesabiwa mbele ya macho ya wote.

Wanangu, ngoma iliyochezwa siku ile, aliyekuwapo hahitaji kuelezwa. Masolwa aliimba kwamba Nyamizi ni chungu cha zamani, kinavuja. Nyamizi akajibu papo hapo kwamba chungu kinachovuja ndicho kilichompikia Masolwa uji wa kwanza. Watu wakavuka kamba, wakarudi, wakavuka, mpaka ile katani ikazikwa na vumbi. Daktari Mwamvita, asiye na kiti, alikwenda huku na kule kama wengine, miwani inaning'inia, viatu ameshika mkononi.

Jua likagusa paa. Filimbi ikalia. Kadi zikatiwa.

Walimu wakahesabu kumi kumi juu ya mkeka. Nyamizi hajui kusoma, lakini kumi anaijua. Akachuchumaa pale pale, njuga zake zimenyamaza, anahesabu kwa vidole. Masolwa, mia nne thelathini na moja. Nyamizi, mia nne ishirini na mbili.

"Rudieni," akasema Nyamizi.

Wakarudia. Ikawa ile ile.

"Sogeeni, nihesabu mwenyewe."

Akahesabu mwenyewe, kadi moja moja, uwanja mzima unangoja. Vijana wa pande zote mbili walikuwa wameshasogelea fimbo zao. Miaka miwili yote ya Consolatha ilikuwa juu ya mkeka ule, kwenye vidole vya bibi mkaidi kuliko wote waliopata kuzaliwa Goweko.

Nyamizi akamaliza. Akajinyoosha mgongo taratibu, akamwendea Masolwa, akasimama kifuani pake.

"Umenishinda kwa watu tisa," akasema kwa sauti ya kusikiwa na wote. "Tisa, Masolwa! Hao si watu, hao ni wakwe zako!"

Kicheko kilichotoka pale kiliangusha fimbo zote. Masolwa alicheka mpaka akakaa chini. Nyamizi akageuka kumtafuta mgeni.

"Na wewe, mama wa Dar. Kabila gani?"

"Mzaramo, bibi."

"Nilijua! Mtani wangu. Babu zetu walikuja kwenu kwa miguu wamejitwika mizigo, mkawauzia maji. Leo umekuja kwetu, kadi yako umeitia kapu gani?"

Daktari Mwamvita akaangalia viatu vyake. "La Masolwa, bibi."

"Basi faini yako ni kuku, na hutoki Goweko hujala matoborwa, viazi vyetu vitamu vya kukausha."

Akala matoborwa. Wakati anakula, kwenye benchi nje ya nyumba ya Nyamizi, akamwita Consolatha pembeni.

"Ratiba yako ilisema zamu na viti. Nilichokiona sicho ulichoniandikia. Niandike nini?"

Consolatha hakujipamba. "Andika kwamba nilikosea, mwalimu. Ngoma hii naijua tangu nabebwa. Nikaionea aibu mbele yako, nikaifunga kamba."

Daktari akatafuna kwanza. "Nitaandika hivyo. Na nitaandika kwamba ulifungua. Sura ya watazamaji utaiandika upya yote, maana uliyoandika ni ya watu wanaokaa. Ukiniletea mwezi ujao, shahada unayo."

Akaiandika upya, kwenye meza ya baba yake kule Kipalapala, akaipeleka, na shahada akaipata. Siku ya mahafali hakulia. Alilia mwaka uliofuata, mwezi wa saba, Goweko, alipoitwa na wazee kuleta kamba yake na kadi zake. Alitangulia kwenda kwa Nyamizi kushukuru, amebeba vitenge viwili, na bibi akavipokea bila kusema asante, akavikunja, akasema, "Nenda ukalaze kamba yako, tunachelewa."

Ngoma zikaanza, pande mbili, kwa wakati mmoja. Nyamizi akanyanyua mkono, na wimbo wake wa kwanza, ule ambao manju huutunza mwaka mzima kwa kitu cha thamani, haukuwa wa kumtukana Masolwa.

"Kaenda Dar kusomea viti," akaimba, na watu wake wakapokea, "karudi katusimamisha!"

Upande wa pili, Masolwa alisikia, akautamani, akaudaka. Pande zote mbili zikauimba. Silasi, filimbi shingoni, alikuwa akiimba kuliko wote. Consolatha alisimama juu ya kamba yake, kadi za kijani mkononi, machozi yanachimba njia kwenye vumbi la uso, na hakujua atazame upande gani kwanza.