Fundi wa Seng'enge Aliyefungua Njia ya Kijito cha Tallow

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, Jumamosi ya kufunguliwa msimu wa uvuvi, Arlys Bjornstad amepiga magoti kwenye nyasi zenye umande, misumari miwili mdomoni, akipigilia kipago cha mwisho cha ngazi. Ngazi hii si ya kupandia darini. Imesimama juu ya ua wa seng'enge: unapanda upande wa barabara, unashuka upande wa kijito.

Nyuma yake watu kumi na wanne wamepanga foleni hadi darajani. Wamevaa buti za mpira zinazofika kifuani, fimbo za kuvulia samaki aina ya trauti mikononi, nzi bandia wa manyoya, ndio chambo chao, wamechomekwa kofiani.

"Arlys, trauti wanazeeka huko!" anapaza sauti Wendell Haugen, postamasta mstaafu.

"Hao wako hawana haraka," anajibu Arlys. "Hujawahi kuwasumbua."

Foleni nzima inaangua kicheko. Arlys hacheki. Kuna jambo aliloahidi kulisema kabla mtu yeyote hajavuka.

Arlys ana umri wa miaka 58, na kwa miaka 34 amekuwa fundi wa seng'enge katika milima hii ya Montana. Hulipwa dola 26 kwa saa, na theluji ikishatanda hukaa miezi minne bila kazi.

"Nimekula kwa kuzuia," anasema. "Ng'ombe wasitoke, watu wasiingie. Halafu jioni nataka kwenda kuvua, nakuta nimejizuia mwenyewe!"

Huku kwetu maji ya kijito ni ya kila mtu. Ukishaingia majini tembea utakavyo, mradi usipande juu ya alama ya mafuriko. Kazi ni kuyafikia. Kwenye daraja la Tallow kingo ni magenge matupu, na pa kuteremkia ni mahali pamoja tu, ndani ya malisho ya Delbert Quinlan, mfugaji wa miaka 83. Zamani alituachia tupite langoni kwake kwa sharti ambalo kila mtoto wa huku analijua: lango liache ulivyolikuta. Ukilikuta wazi, liache wazi.

Miaka kumi na moja iliyopita, mtu alilikuta wazi akalifunga. Ng'ombe 41 waliokuwa wakipita hapo kwenda kunywa wakakaa siku mbili juani, maji wanayasikia upande wa pili. Ndama wawili wakafa. Delbert akatia mnyororo na kufuli, na kijito kitamu kuliko vyote bondeni kikabaki cha kusimuliwa tu.

Wa kulaumiwa tulimjua bila hata kuuliza: wageni kutoka California. Mwandishi wa makala haya naye aliwalaani, tena mbele za watu.

Machi mwaka huu Arlys alikwenda jikoni kwa Delbert na mchoro wa ngazi.

"Ngazi haina lango," alimwambia. "Hakuna cha kufunga, hakuna cha kusahau."

Mzee akakoroga kahawa yake. "Na yule aliyelifunga lango langu?"

Arlys anasimulia alivyomjibu. "Siku ile nilikuwa nimetoka kazini, akili yote iko kwa samaki. Mkono umezoea kufunga, ukafunga. Kitanzi cha kufungia lango kilikuwa kimekatika, nikasokota waya mpya kabisa! Nilipopata habari za ndama, niliona haya. Mwaka ukapita, haya ikazidi. Basi nikamwambia, Delbert, ni mimi."

Delbert aliinuka, akatoa kwenye droo kipande cha waya chenye kutu.

"Najua," akasema. "Bonde zima, anayesokota waya kwa mkono wa kushoto ni wewe tu."

"Miaka yote hii unajua, umenyamaza?"

"Mdomo ulikuwa wako, binti. Mimi nilikuwa nangoja."

Mficha uchi hazai. Ngazi ilikubaliwa asubuhi ileile, kwa sharti moja: Arlys awaambie wenzake mwenyewe, kabla ya wa kwanza kuvuka.

Sasa msumari wa mwisho umeingia. Arlys anapanda juu ya ngazi, anageuka kuitazama foleni.

"Si watu wa California," anasema. "Lango nililifunga mimi."

Wendell anavua kofia.

"Arlys, miaka kumi na moja nimewatukana watu wale. Kuna mmoja nilimwambia stempu zimeisha!"

"Nisamehe, Wendell."

"Nikusamehe? Na mimi nani atanisamehe?"

Watu wanacheka hadi wanashikana mabega. "Vuka wewe kwanza, mama malango!" wanamwambia, wakimsukuma. Anashuka, anaingia kwenye maji baridi, na mara ya tatu kurusha ugwe, trauti mwenye madoa mekundu anauma. Juu darajani, Delbert anapiga honi ya gari lake kama mtu aliye harusini.

"Nililia," anasema Arlys. "Andika tu kwamba nililia."

Anataka kujenga ngazi kwenye madaraja mengine sita kabla ya theluji. Alidhani atalazimika kuwabembeleza wafugaji, lakini Jumanne iliyofuata simu iliita. Alikuwa mwenye ranchi ya juu ya Tallow, mtu ambaye hajawahi kumruhusu mvuvi kukanyaga kwake.

"Aliniuliza, 'Kabla hujaja na nyundo, sema ukweli: kwangu ulifunga nini?'" anasimulia Arlys, akijifuta machozi ya kicheko. "Nikamwambia, kwako sijaingia bado. Naingia Alhamisi."