Wimbo wa Njeri na Aliyeuzima

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, na kila nikiikumbuka damu inanichemka upya, ingawa daktari amenikataza hasira. Nilikuwa kijana wakati huo, naimba besi katika kwaya ya kanisa letu huku Dundori. Tulikuwa tumetoka ibadani, tumesimama nje na vikombe vya chai, simu ya Njeri ikalia. Njeri alikuwa mwalimu wa shule moja kule Lanet, na ndiye aliyekuwa akitutungia nyimbo. Aliyepiga ni dada yake, aliyekuwa akifanya kazi Uarabuni. Njeri akaweka spika ili na sisi tumsalimie.

"Njeri," dada akasema, bila hata salamu, "mbona mnamzika mama kimya? Naona mnafungua tu midomo. Sisikii kitu."

Mama yao tulikuwa tumemzika juma hilo. Dada alinyimwa ruhusa ya kusafiri, kwa hiyo mpwa wao alirekodi mazishi yote akayaweka mtandaoni ili ayaone. Pale kaburini tuliimba wimbo ambao Njeri alimtungia mama akiwa mgonjwa, na ambao mama mwenyewe aliomba uimbwe siku yake. Tukaifungua video. Mchungaji alisikika vizuri, hata koleo zilisikika, lakini kwaya ilipoanza, sauti ikakatika. Chini pameandikwa kwamba sauti imezimwa kwa ombi la mwenye wimbo. Mwenye wimbo! Na mwenye wimbo amesimama hapo na kikombe mkononi, machozi yanamtoka.

Ngoja nikueleze ilivyokuwa. Kwaya za huku kwetu zimepeana nyimbo tangu zamani. Unapata karatasi ya noti kutoka kwaya jirani, unafundisha sauti zote nne, na siku ya kuuimba kiongozi anatangaza kwanza: wimbo huu ametunga fulani, tumepewa na kwaya fulani. Asiyetangaza anaonekana mtu asiyelelewa. Njeri aliuweka wimbo wake mtandaoni kwa desturi hiyo hiyo, ila akaipa jina lake la kisasa, leseni huria. Chini ya noti aliandika waziwazi: imbeni, nakilini, rekodini, badilisheni, hata mkiuza ni sawa, mtajeni tu mtunzi, na mtakachotengeneza kutokana na wimbo huu muwaachie wengine ruhusa hiyo hiyo. Masharti yenyewe ni hayo tu, mwanangu. Mtoto wa chekechea angeyashika.

Akatokea mwimbaji mmoja wa injili mjini Nakuru, kijana tu, ndiye aliyetajwa chini ya ile video kuwa mwenye wimbo. Jina lake silitaji, amekwisha kutajwa vya kutosha kwa kazi isiyo yake. Aliuchukua wimbo, akaurekodi studio, akafuta jina la Njeri akaweka lake, kisha akausajili mtandaoni kama mali yake peke yake. Na mtandao una mashine inayosikiliza. Ikisikia wimbo uliosajiliwa kwenye video ya mtu mwingine, inaizima sauti. Ndiyo iliyotuzima.

Kesho yake tuliteremka mjini, Njeri, mimi na Mzee Kariuki, mwalimu wetu wa kwaya. Tulimkuta huyo kijana nje ya studio, miwani ya jua usoni.

"Niaje mzee, sasa madam. Karibuni."

Njeri alitoa simu. Alimwonyesha video. Kijana akaitazama kidogo, akacheka.

"Lakini madam, si wewe uliandika ni free? Producer aliniambia niiregister tu, maana nikilala mwingine ataichukua."

Mzee Kariuki alikuwa mtu mpole. Sikuwahi kumsikia akifoka, hata siku tulipoharibu wimbo mbele ya askofu. Siku hiyo alifoka mpaka wauza mitumba wa ng'ambo ya barabara wakageuka.

"Kijana, kuimba ulipewa ruhusa. Kurekodi ulipewa. Hata kuuza, ulipewa! Nani alikupa ruhusa ya kumnyamazisha mwenye wimbo kwenye kaburi la mama yake?"

Kijana alivua miwani. Aliingia ndani kumtafuta producer wake, wakaketi kwa kompyuta, na Mzee akasimama nyuma yao, kiti amekikataa, mpaka usajili ukaondolewa na jina la Njeri likaandikwa. Baada ya siku chache sauti ilirudi. Dada alipiga tena. Tulisikia tu wimbo ukicheza upande wake, naye analia.

Ungedhani watu wetu walifurahi. Wapi! Walioniudhi kuliko huyo kijana ni wale wa kanisani waliosema, "Si alitoa bure? Analilia nini?" Nikawauliza, na leo nakuuliza wewe: jirani akikuruhusu kupita shambani kwake kwenda mtoni, amekupa shamba? Utaweka ua umzuie yeye kupita? Wengine wakamshauri Njeri azifunge nyimbo zake zote, asimpe mtu tena.

"Nizifunge kwa sababu ya huyu mmoja?" akasema. "Na kwaya ya Lanet walioutafsiri wimbo huu kwa Kikalenjin, wakaandika jina langu juu kabisa, hao nao nitawaambia nini?"

Hakuzifunga.

Basi nisikilize, wewe unayechora, unayeandika, unayetunga. Ukitaka kuitoa kazi yako, itoe, wala usiogope kuchekwa. Lakini andika jina lako, andika na masharti yako kwa lugha ambayo hata mvivu ataielewa, na uhifadhi ushahidi kwamba ulianza wewe. Ukidhulumiwa usikae kimya ukijiita mnyenyekevu. Nenda, na uende na watu. Na ukipewa ya mwenzako, soma yale maandishi ya chini kabla hujagusa chochote. Kutaja jina la mtu hakukupunguzii kitu. Mimi nina mvi sasa na bado sijaelewa kwa nini jambo dogo hivyo huwashinda watu wazima wenye akili zao.

Mungu akupe kazi nzuri, mwanangu, akupe na mkono wa kuitoa. Na akunyime kabisa ule moyo wa kupokea zawadi ya mtu kisha ukamfunga mdomo.