Mkosi wa Ba Chilekwa Ugenini

Mpatamatu yote, mtaa wa wachimba shaba pale Luanshya, hakuna aliyeipenda Kafubu Rovers kama Boniface Chilekwa. Miaka ishirini na tisa aliendesha winchi ya kushusha watu mgodini, na miaka yote hiyo alibadilishana zamu na wenzake: huyu alimwachia Krismasi, yule Pasaka, ilimradi siku ya mechi awe huru. Alipostaafu alinunua Korola kuukuu, akaipaka rangi ya kijani ya timu kwa mkono wake, kwa brashi ya kupakia rangi milango, ikabaki na michirizi kama ngozi ya mamba. Jumapili asubuhi alikuwa mzee wa kanisa, suti nyeusi na tai. Mchana alikuwa ndani ya jezi iliyombana tumbo hadi kitovu kikaonekana.

Mwaka huo ndipo mambo yalipoanza kumchanganya.

Mechi ya kwanza ya ugenini ilikuwa Chingola. Gari lilimzimia njia panda ya Sabina, akakaa pale hadi jua likageuka. Rovers wakashinda mbili bila. Ya pili ilikuwa Kalulushi. Gari lilikwenda kama limetoka dukani jana, akafika mapema, akakaa mbele, na Rovers wakala tatu. Ya tatu, Chililabombwe, gari liligoma hata kutoka uani. Ushindi. Ya nne, Ndola, alifika salama salimini. Rovers waliongoza hadi dakika ya themanini na nane, kisha kipa wao akaanza kushika mpira kama mtu anayeshika sabuni, wakafungwa mawili chapuchapu.

Chilekwa alihuzunika, akarudi nyumbani, akala, akalala. Hakuunganisha lolote na lolote. Aliyeunganisha ni Kapeya, fundi cherehani, mwenyekiti wa mashabiki.

Kapeya alikuja Alhamisi jioni na wenzake wawili, nyuso zimewakunjamana. Edah, mke wa Chilekwa, alipowaona mlangoni alijifunga kitenge haraka, akadhani wameleta habari ya msiba.

"Ni nani?" aliuliza, sauti tayari ina machozi. "Niambieni tu."

"Hakuna aliyekufa, mama," Kapeya alisema. "Tuna neno dogo na mzee."

Walikaa. Edah aliwaletea munkoyo, togwa ya mahindi na mizizi, wakanywa. Kisha Kapeya akakohoa.

"Ba Chilekwa, tumekuja kwa heshima. Wewe ni baba yetu pale uwanjani. Lakini ukija ugenini, tunafungwa. Gari likikuharibikia, tunashinda."

Chilekwa alicheka. Alipoona anacheka peke yake, aliacha.

"Mara nne tu hizo, Kapeya. Ni bahati."

"Na msimu uliopita? Mufulira ulikwenda?"

"Nilikwenda."

"Tulifungwa. Kasumbalesa je?"

Chilekwa alifikiri. Kasumbalesa hakwenda; siku hiyo klachi ilikatika. Na Rovers walishinda. Akavua kofia, akaiweka magotini.

"Kwa hiyo mnataka nini? Nikae nyumbani nisuke mikeka?"

"Tunaomba tu, mzee. Timu inashika mkia. Tukishuka daraja safari hii, hatupandi tena."

Walipoondoka, Edah alitoa vikombe. Alipofika jikoni Chilekwa alisikia anacheka, na kicheko kile kikamuumiza kuliko maneno ya Kapeya.

Usiku ule na siku zilizofuata kichwa kilimzunguka. Yeye si mtu wa waganga. Lakini aliyapanga matokeo kichwani, akayapangua, akayapanga tena, na kila mara yalikuja vilevile. Mwishowe alimfuata mchungaji wake, Mama Hamoonga, akamkuta ofisini nyuma ya kanisa anabandika namba za nyimbo ubaoni. Mchungaji alikuwa Mtonga wa kusini, amekulia kwenye ng'ombe, na mpira hakuujua hata kidogo.

"Mchungaji," Chilekwa alianza, kofia mkononi, "mtu anaweza kukipenda kitu kwa moyo wote, halafu yeye mwenyewe ndiye akawa mkosi wake?"

Mama Hamoonga aliweka namba chini, akavuta kiti karibu. "Tatizo hili limeanza lini, mzee?"

"Msimu uliopita, nadhani. Nimeligundua juzi."

"Na nyumbani mambo yakoje?"

"Nyumbani hakuna shida, Mchungaji. Nyumbani tunakwenda vizuri tu. Shida ni nikitoka ugenini."

Mchungaji aliegemea mbele. "Ugenini," alisema taratibu. "Na Edah anajua kwamba unatoka?"

"Anajua sana. Amechoka kuniambia niache. Tena si mimi peke yangu, tunakwenda wengi. Mwenyekiti ni Kapeya."

"Kapeya wa kwaya?" Mchungaji alishika kifua.

Ilichukua muda kulifumbua fumbo hilo, na lilipofumbuka Mama Hamoonga alicheka hadi akafuta macho kwa kitambaa cha madhabahuni. Kisha alisali pamoja naye, akamwambia Mungu hana timu. Chilekwa alitoka pale akiwa hajui kama amefarijika au amechanganyikiwa zaidi. Kama Mungu hana timu, basi anayewafungisha Rovers ni nani?

Aliamua kuendelea kwenda. Kuacha ingekuwa kukubali kwamba yeye ni mkosi, na hilo hakuweza kulimeza. Ila sasa gari nalo likawa na vituko. Mechi tatu za ugenini zilizofuata, mara zote tatu, asubuhi ya mechi gari halikuwaka. Alipiga stata, likakohoa, likanyamaza. Na mara zote tatu Rovers walishinda, wakapanda kutoka mkiani hadi nafasi ya saba.

Fundi wake alikuwa Whiteson Shawa, Mngoni wa Chipata, mtani wake na shabiki mwenzake wa Rovers. Walikaa benchi moja kanisani kwa miaka kumi na sita. Kila Jumatatu Shawa alikuja, akainama chini ya boneti dakika tano, na gari likawaka.

"Lilikuwa na nini?" Chilekwa aliuliza.

"Utalijuaje wewe, mla nyani? Gari linaogopa harufu yako."

"Wewe mla panya ndiye unayeliharibu kwa mikono yako yenye mafuta ya panya."

Walitupiana hivyo matusi ya kale ya makabila yao na kucheka, kama watani wanavyocheka. Lakini Chilekwa aliona kwamba siku hizi kicheko cha Shawa kilikuwa kinaishia njiani.

Ikafika Jumapili ya mwisho wa msimu. Rovers walikuwa wanacheza na Buchi Stars huko Kitwe, na walihitaji pointi moja tu wabaki kwenye ligi. Ilikuwa pia Jumapili ya meza ya Bwana. Asubuhi kabla ya ibada Chilekwa alijaribu gari. Kimya. Akatembea kwa miguu hadi kanisani, jezi ameivaa chini ya shati jeupe, hana la kufikiri.

Kabla ya kugawa mkate, Mama Hamoonga alisema kama anavyosema kila mara: aliye na jambo na ndugu yake, amwendee kwanza wapatane. Kwa kawaida watu huinamisha vichwa hapo, dakika inapita, ibada inaendelea. Siku hiyo Shawa hakuinamisha kichwa. Aliingiza mkono mfukoni mwa koti, akatoa waya mfupi mweusi, akauweka kiganjani mwa Chilekwa.

"Ni nini hiki?" Chilekwa alinong'ona.

"Waya wa koili. Wa gari lako."

"Ulioharibika?"

"Mzima. Ulioharibika uko ndani ya gari. Mimi niliuchomeka jana jioni, ulipoingia kunywa chai."

Chilekwa aliutazama waya, akamtazama Shawa, akautazama tena. Waliokaa nyuma walidhani wanapeana sadaka.

"Na mara zile tatu?"

"Mimi," Shawa alisema. Machozi yalikuwa yanamtiririka. "Nilikuwa nachomoa Jumamosi, narudisha Jumatatu. Kapeya hajui. Nisamehe, mtani. Tulikuwa tunashuka daraja."

"Na Chingola? Na Chililabombwe?"

"Hizo si mimi. Naapa kwa mkate ule pale. Hizo ni gari lenyewe."

Hapo ndipo Chilekwa alipopotea kabisa. Alitaka kukasirika, akatafuta hasira, akaikuta, lakini pembeni yake akakuta kitu kingine kinachofanana na shukrani, maana bila wizi ule Rovers wangekuwa wameshashuka. Sasa mtu anamkasirikiaje aliyeiokoa timu yake? Na anamshukuruje aliyemtendea hivi? Aliona mkono wake unamshika Shawa begani. Wakaenda mbele pamoja, wakapokea mkate, na Chilekwa akautafuna bila kujua anatafuna nini.

Ibada ilipokwisha walikwenda nyumbani moja kwa moja, Chilekwa akavua shati akabaki na jezi. Shawa akachomeka waya mzima, gari likanguruma mara moja.

"Panda," Chilekwa alisema.

"Tunakwenda? Mtani, fikiri kwanza. Pointi moja tu!"

"Sijui kufikiri leo. Panda."

Walipita njia panda ya Fisenge, wakashika barabara kuu ya Kitwe, na kilomita chache mbele moshi mweupe ukaanza kufuka chini ya boneti. Rejeta ilikuwa imepasuka. Shawa alishuka, akainua mikono juu.

"Safari hii si mimi!" alipiga kelele. "Unaona mwenyewe! Si mimi!"

"Nani amesema ni wewe?" Chilekwa aliketi ukingoni mwa barabara. Alitaka kulia, na wakati huohuo akaanza kuhesabu: gari limekufa, kwa hiyo Rovers watashinda. Moyo ukamchangamka kidogo. Kisha akajiona mjinga kuchangamka.

Lori likaja, limejaa mashabiki wa Buchi Stars waliovaa nyekundu, vuvuzela zinalia. Waliiona Korola ya kijani, wakapiga breki kwa ajili ya kuwacheka tu.

"Wazee! Timu inazima, gari linazima!" mmoja alipiga kelele. "Pandeni, tuwapeleke mkazikwe vizuri!"

Shawa alikuwa ameshadaka ubao wa lori. Chilekwa alisita, mguu mmoja hewani. Je, akipelekwa na maadui, inahesabika kwamba amekwenda? Walimvuta kwa jezi, wakamkalisha juu ya tairi la akiba, wakampa kipande cha chikanda, ile keki ya mizizi na karanga, wakamwimbia hadi Kitwe nyimbo za mazishi walizogeuza maneno.

Walifika kipindi cha pili kimeanza. Nje ya ukuta walisikia kwamba Rovers wanafungwa moja bila. Shawa alikimbilia lango. Chilekwa akaganda.

"Siingii," alisema.

"Tumekuja yote haya, halafu huingii?"

"Nikiingia na wakafungwa la pili, utasema nini? Utaniambia sikuwa mimi?"

Shawa aliliacha lango. Akarudi, akasimama naye chini ya ukuta. Walisikiliza. Ukuta ulikuwa unavuma kama winchi, unapanda, unashuka, nao hawakujua nini kinaendelea upande wa pili. Dakika zikapita. Mwishowe Chilekwa hakuweza kuvumilia. Alikwenda kwenye lango dogo, akamgongea mlinzi.

"Ndugu yangu, dakika ngapi zimebaki?"

"Sikusikii," mlinzi alisema, akafungua kidogo. Chilekwa akaingiza kichwa amuulize tena, na palepale uwanja ukalipuka. Upande wa kijani ukaruka. Alichungulia, akaona wavu unatikisika na mchezaji wa Rovers amelala chini ya wenzake.

Alirudisha kichwa nje kama aliyeungua. Akakaa chini, mgongo ukutani, hadi filimbi ya mwisho. Sare ya moja kwa moja. Rovers walibaki kwenye ligi.

Mashabiki walitoka wakicheza. Kapeya alikuwa amebebwa mabegani, na alipomwona Chilekwa pale chini alishuka haraka, uso umempauka.

"Mzee! Ulikuwepo?"

"Sijui," Chilekwa alisema.

"Hujui vipi? Ulikuwa ndani au nje?"

"Alikuwa nje," Shawa alisema. "Nilikuwa naye."

"Kichwa kilikuwa ndani," mlinzi wa lango alisema. "Goli limeingia kichwa kikiwa ndani. Nimeona kwa macho yangu."

"Mpira uliingia kwanza, kichwa kikafuata!" Shawa alisema.

"Kichwa kwanza!"

Wakaanza kubishana, na wengine wakaja kusikiliza, wenye kijani na wenye nyekundu, kila mmoja na lake. Kapeya alikuwa anageuza macho kwa huyu na kwa yule, midomo inahesabu kimyakimya. Kama kichwa kiliingia kwanza, basi mkosi haupo. Kama mpira uliingia kwanza, basi mkosi upo, lakini mbona hawakufungwa baada ya hapo? Na yale matokeo ya mwanzo? Aliacha katikati, akamshika Chilekwa mkono, akamwinua.

"Mzee," alisema, "twende nyumbani."

Walirudi kwa basi la timu hadi pale gari liliposimama. Shawa aliziba rejeta kwa sabuni ya kipande na kitambaa, wakajaza maji kutoka kwenye chupa za wachezaji, na Korola ikatambaa polepole kuelekea Luanshya na basi nyuma yake likimulika njia. Njia nzima watani wale wawili hawakutukanana hata mara moja.

Edah alikuwa anawasubiri mlangoni.

"Vipi, mmeshinda?"

"Sare," Chilekwa alisema.

"Sare ndiyo nini sasa? Mmefurahi au hamkufurahi?"

Chilekwa alivua kofia, akamtazama Shawa, na Shawa akatazama chini. Nyumba ilinukia ugali wa nshima na viwavi vya kukaanga.

"Tupakulie kwanza, mama," alisema. "Labda tukishashiba tutajua."

Walikula wawili hao kwenye sahani moja, wakashiba, na hawakujua.