Ndege ya Sanda

Nilikata sanda ya bibi. Afadhali niseme mwenyewe mapema, maana mtaani kwetu habari hiyo bado inatembea, na kila anayeisimulia huongeza dhiraa. Juzi shuleni mwalimu alituonyesha picha ya Mdachi amekaa ndani ya ndege ya mbao na kitambaa. Wenzangu wakashangaa. Mimi nikakunja uso. Wivu niliodhani nimeuzika uliamka, ukajinyoosha.

Ilikuwa mwaka mmoja kabla sijaingia jandoni. Mtoto wa mwenye duka, Mhindi wa rika langu, aliletewa kwa meli ndege ndogo ya kuchezea: mwili kijiti, mbawa hariri, panka puani, na chini ya tumbo uzi wa mpira. Unazungusha panka kwa kidole mpaka mpira unajikunja vifundo, unaachia, nayo inapaa juu ya mapaa ya nyasi kama imetumwa. Kila siku aliirusha mbele ya duka, kwenye harufu ya bizari na mafuta ya taa, na akina mama waliacha kutwanga ili watazame. Niliomba kuishika tu.

"Usiguse! Mikono yako ina mafuta."

"Nimenawa, wallahi."

"Basi kanawe tena, halafu uitazame kwa mbali."

Watoto wote wakacheka. Aliyezoea kuchekesha, siku akichekwa yeye, hata ugali haushuki.

Nikaanza kuunda yangu. Mwanzi niliupasua mwembamba kama mbavu za kuku. Mpira niliubandua kwenye makovu ya miti, katika shamba la Wadachi, jicho moja kwa mnyapara. Shida ilikuwa mbawa. Karatasi ilichanika, jani la mgomba likakauka na kujikunja. Ndipo nikakumbuka kasha la bibi. Humo mlikuwa na bafta nyeupe aliyojinunulia kwa mavuno yake, ameikunja na udi, ili siku yake ikifika asimsumbue mtu. Nikapima kwa macho. Bibi alikuwa mfupi. Nikaona upande wa miguuni utabaki tu.

Nikakata. Nikapaka uji wa muhogo, nikaanika mpaka ikakaza kama ngoma. Puani nikabandika nta, kwa sababu ndege yenye pua nyepesi huinua kichwa kwa majivuno, halafu hukalia mkia. Asubuhi, upepo uliposhuka kutoka Uluguru, nikaiachia pale pale mbele ya duka, mwenye ya hariri naye akirusha yake. Ikaipita ya hariri, ikavuka paa la mwisho, ikaenda zake upande wa reli. Hatukuiona tena.

Mtoto wa duka aliokota yake, akanijia. "Ukiunda nyingine, utaniachia niishike, ndugu yangu?"

"Ukishanawa," nikamjibu. Sijapata kula kitu kitamu kama jibu lile.

Utamu ulidumu siku tatu. Mwezi wa Shaabani uliandama, na bibi kama desturi yake akafungua kasha kubadilisha udi. Akaikunjua bafta, akajipima nayo, akaniita kwa jina langu lote. Nikasema kweli. Akakaa chini, akacheka mpaka akakohoa. "Basi miguu yangu imetangulia juu," akasema. "Itanisubiri."

Siku hizi duka limefungwa. Yule mtoto wa duka, tuliyekuja kuwa marafiki, alipelekwa Bara Hindi, nami naionea wivu hata meli iliyombeba. Mtaani hakirushwi kitu ila vumbi. Bibi tulimzika mwaka jana kwa bafta mpya, ndefu kupita kiasi; mama ndiye aliyeipima, mara mbili. Nikiona wingu jeupe linaambaa mlimani, natamani kumwuliza bibi kama miguu ameikuta.

Lakini siku ile ya kasha, bibi alipokuwa bado anajifuta machozi ya kicheko, mama alikuwa amesimama mlangoni, hacheki. Alingoja kikohozi kiishe, akaniambia taratibu:

"Bibi yako amekusamehe kwa sababu yeye yu njiani kuondoka. Mimi bado nipo."