Udongo Niliotoa Karatina

Afadhali mlisikie kwangu kabla ya rafiki yangu Barasa kuwafikia, maana yeye huongeza chumvi.

Wiki jana sisi wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa jiografia tulipiga kambi Sagana, katika shule iliyofungwa kwa likizo. Mwalimu alitutuma tutafute udongo wa miteremko ya Mlima Kenya. Kwetu ni Karatina, karibu tu, basi nikaenda nyumbani nikajaza udongo mwekundu kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia. Mama naye, akihofia nitakonda, akanipa mkebe mwingine kama huo, wenye unga wa wimbi.

Asubuhi nilisimama mbele ya wenzangu na mkebe wangu. Tangu Uhuru mimi ndiye wa kwanza kijijini kwetu kufika chuo kikuu, na nilitaka hilo lionekane.

"Huu ni udongo wa volkano," nilisema, nikiumwaga mezani kwa madaha. "Tazameni ulivyo laini! Mvua na jua vimeusaga kwa maelfu ya miaka."

Mwalimu aliuchota kidogo, akaunusa, kisha akaulamba.

"Kijana," akasema kwa upole, "huu umesagwa na mashine ya posho."

Darasa likaangua kicheko. Nami nilijaribu kucheka, mpaka Barasa, aliyekuwa na zamu ya jikoni, akatokea mlangoni ameshika mwiko.

"Ngoja kwanza, ndugu yangu," akasema. "Ati unga ndio huo? Sasa mimi nimewapikia watu uji wa nini?"