Oili ya Kwenye Pipa Langu

Mjomba alipoingia karakana kwangu Jumamosi ile na chenso, msumeno wake wa injini, mkononi, niliijua shida kabla hajafungua mdomo. Chuma kilichoungua kina harufu yake. Upanga wa msumeno, ule ubao wa chuma ambao mnyororo wenye meno unauzunguka, ulikuwa umegeuka bluu kuanzia katikati hadi nchani. Ulikuwa upanga wa tatu ndani ya miezi minne. Hata salamu yangu ilitoka kama namtoza faini.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mama. Umeamkaje?"

"Nimeamka vizuri mpaka ulipofika. Umetia nini safari hii?"

Akaweka kiganja nyuma ya sikio. Miaka thelathini na mmoja ya kukata miti imemla masikio, na kila jambo lazima umwambie mara tatu. Mara ya kwanza unasema kwa upole, ya pili kwa sauti, na ya tatu unajikuta una hasira ambayo hukuwa nayo ulipoanza.

"Oili, mjomba! Umetia oili gani?"

Akauangalia upanga, akayaangalia viatu vyake. "Oili chafu," akasema. "Ile ya kumwagwa gereji. Nilikuwa mbali, sikuwa na nyingine."

Nikaitupa bisibisi mezani. Huyu si mtu wa kujifunzia kazi kwangu. Ni mdogo wake mama, na yeye ndiye aliyenifundisha kushika tupa na kunoa meno ya mnyororo nikiwa darasa la tano, kila jino kwa pembe ileile, mpaka vidole vikaota sugu. Wakataji wenzake wanamwita Taratibu, kwa sababu anauzunguka mti mara mbili, anatazama juu, anatazama chini, ndipo anavuta kamba ya kuwashia. Hajawahi kuangusha mti mahali ambapo hakuonyesha kwa kidole. Vidole vyote kumi anavyo, na katika kazi hiyo hicho ni cheti kikubwa kuliko vya shule. Sasa mtu kama huyo, kwa umri huo, anatia oili chafu?

Nilimpa somo, na sikumpunguzia. Nilimwambia oili iliyotoka kwenye injini ya lori imejaa vumbi la chuma, kwa hiyo kuitia kwenye mnyororo ni sawa na kuupaka msasa. Nikamkumbusha kwamba mara ya kwanza aliniambia alitia mafuta ya kupikia. Hayo nilimsamehe, maana mafuta ya kupikia yanafaa kwa siku moja ya shida, mradi jioni uyamwage na uoshe tangi. Ukiyaacha ndani mwezi mzima yanaganda kama gundi, na pampu inafyonza hewa. Ukikosa kabisa, nilimwambia, nunua oili mpya ya injini, ile nzito, namba arobaini. Haina mnato wa kukaa kwenye mnyororo, itarukaruka na kukuchafua suruali, lakini haitakuunguzia upanga. Yote hayo alikuwa anayajua kabla mimi sijashika tupa. Alikaa kwenye benchi akinisikiliza na mikono katikati ya magoti, kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini, na ile hali yake ya kutojitetea ndiyo iliyozidi kunipandisha.

"Na Jumanne ndiyo kambini," nikasema. "Unataka waone nini? Moshi?"

Hapo alisikia bila kurudiwa. Jumanne kambi ya mbao ilikuwa inachagua wakataji wa mkataba. Kila mtu huja na msumeno wake mwenyewe, anapewa magogo sita, anayakata mbele ya msimamizi. Msumeno ukikuzimikia, unachukua begi lako. Kijana anaweza kuambiwa ajaribu tena msimu ujao, lakini mjomba ana miaka sitini na mmoja, na mzee aliyeshindwa haulizwi tena. Alikuwa anataka miaka miwili tu, kitinda mimba wake amalize chuo cha uuguzi. Baada ya hapo, alisema, hata mswaki hatakata.

Nikaufungua msumeno. Ndani ya mfereji wa upanga nilikuta tope. Oili chafu huacha masizi meusi, lakini tope hili lilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na kwenye gia kulikuwa na kutu nyekundu. Fundi mwenye akili zake angesimama hapo akajiuliza. Mimi nilikwangua, nikafuta, nikaendelea kufoka. Nilimfungia upanga mpya, wa mwisho niliokuwa nao wa saizi yake, nikamtia mnyororo mpya, kisha nikachukua dumu kwenda kwenye pipa langu.

Pipa lenyewe lilisimama nje, ukutani, chini ya ukingo wa bati. Nililinunua likiwa limejaa, lita mia mbili za oili halisi ya mnyororo, miaka minne iliyopita. Nilikuwa najivunia pipa lile. Wateja wengi walikuwa wamehamia kwenye makopo ya dukani, na kambi inaleta oili yake pamoja na misumeno yake, kwa hiyo lilishuka polepole. Aliyekuwa bado anachota kwangu ni mjomba peke yake.

Alinifuata. Akasimama kando ya pipa, akaligonga kwa kidole cha kati, chini kisha juu.

"Kizibo chake kinakaza sawasawa?" akauliza.

"Mjomba, usinifundishe kazi yangu."

"Sikufundishi, mama. Ila nilikuwa nafikiri ninunue tu kopo njiani."

"Kwa hiyo ya kwangu haifai? Oili chafu ya gereji inafaa, ya kwangu haifai?"

Akanipisha. Nikajaza tangi la msumeno kwa mkono wangu mwenyewe, nikamjazia na dumu la lita tano, nikamwambia ni zawadi. Alishukuru mara mbili. Nilimwona akiondoka na mabega yake yaliyopinda, msumeno kulia na dumu kushoto, na nilichosema moyoni ni kwamba uzee unafanya watu wawe wabishi.

Jumanne asubuhi, saa mbili, nilikuwa nahangaika na gia ya mteja iliyokwama kwenye ekseli yake. Nikaipasha moto kwenye jiko mpaka ikawa nyekundu kwa mbali, halafu nikachovya kijiko kwenye kopo la oili niliyochota kwenye pipa ili nidondoshee iingie ndani, ilainishe. Tone lilipogusa chuma lilipasuka. Likafuatia jingine, nalo likapasuka na kurusha vipande mpaka kwenye mkono wangu.

Mafuta yakiguswa na moto yanatoa moshi. Kinachopasuka ni maji.

Nilitoka nje nikiwa bado na kijiko. Nilifungua kizibo, na kilifunguka kwa vidole viwili bila kulalamika, maana mpira wake ulikuwa umekauka ukawa kama ganda. Nikaingiza bomba refu mpaka chini, nikaziba kwa dole gumba, nikatoa. Bomba lilijaa kile kitu cha rangi ya chai ya maziwa.

Ningetamani kusema sikuelewa mara moja, lakini nilielewa lote kwa pamoja. Pipa la oili hulazwa. Likisimamishwa, mvua hutuama kwenye kifuniko, mchana chuma kinapata joto na kupumua nje, jioni kinapoa na kuvuta ndani, na kinachovutwa ni yale maji yaliyotuama. Hilo huwa nawaambia wateja. Oili iliyozibwa vizuri na kuwekwa kivulini inakaa miaka minne, mitano, bila neno. Ya kwangu ilikuwa imekunywa mvua za misimu minne. Maji yalikuwa yamekaa chini yakisubiri pipa lishuke, na lilipofika chini, aliyekuwa anachota ni mmoja tu.

Mjomba hakuwahi kutia oili chafu. Wala yale mafuta ya kupikia hayakuwahi kuwepo. Alikuwa ananitafutia kisingizio, na mimi nilikuwa namchapa nacho.

Nikampigia simu, ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena. Mtu asiyesikia mti ukilia atasikia simu iliyo mfukoni? Nikatoa pikipiki, sikufunga hata mlango wa karakana.

Nilifika kambini saa tatu na nusu. Wakataji kama ishirini walikuwa wamesimama kwenye uwanja wa magogo, misumeno inanguruma, na vumbi la mbao limejaa hewani. Mjomba nilimwona pembeni, amekaa juu ya begi lake. Msumeno ulikuwa chini mbele yake na upanga wake mpya, wa siku tatu, ulikuwa bluu. Alikuwa amefika gogo la nne.

Msimamizi wa kambi, mwanamume mnene mwenye kalamu sikioni, alinijua vizuri. Misumeno yote kumi na miwili ya kambi natengeneza mimi, na bila hiyo karakana yangu ingekuwa imefungwa zamani.

"Fundi, umekuja kumchukua mzee?" akaniuliza, na alikuwa anasikitika kweli. "Nimeshangaa sana. Nimemuuliza fundi wake nani, nimwambie ukweli huyo fundi. Akasema fundi hana kosa, ni yeye mwenyewe ametia oili chafu. Miaka thelathini kazini, unatia oili chafu siku ya majaribio?"

Mjomba alikuwa anatutazama midomo. Akanitikisia kichwa, kidogo tu, mara moja. Nilimwelewa vizuri sana. Alikuwa ananiomba nifunge mdomo.

Kuna wakati hasira huwa inanisaidia. Nilikuwa na hasira na pipa, na ule mpira wa kizibo, na huyu mzee ambaye angeniambia Jumamosi kwa sauti, hata kwa tusi, tukamwaga lile tangi pale pale. Zaidi nilikuwa na hasira na mwanamke aliyeona kutu kwa macho yake akaendelea kuhubiri.

"Oili ni ya kwangu," nikasema. "Ina maji. Nilimjazia mwenyewe na nikamtukana juu yake. Yeye hana kosa lolote."

Msimamizi akatoa kalamu sikioni. "Ya kwako?"

"Kwenye pipa langu. Chota kwenye lile dumu lake, udondoshee chuma cha moto, utasikia."

Hakuhitaji moto. Alilifungua dumu, akamimina kidogo kiganjani, akasugua kwa kidole, akakitazama kiganja kwa muda mrefu. "Na misumeno yetu?" akauliza. "Hiyo kumi na miwili umekuwa ukiitia nini?"

"Yenu mnaleta na oili yenu. Sijawahi kuigusa na hii."

"Nitajuaje?"

Akafuta mkono kwenye suruali, akamwita mtu, akaagiza mzee apewe msumeno wa kambi na magogo sita mapya. Kisha akaniambia, bila ubaya, kwamba ile misumeno miwili iliyoko kwangu atatuma gari ije kuichukua mchana.

Mjomba alikata. Sijawahi kuona mtu akikata kwa hasira namna ile na bado mkono umetulia. Alilizunguka kila gogo mara mbili, hata gogo lililolala chini, ambalo haliwezi kumwangukia mtu. Vipande vilitoka sawa, unaweza kuvipanga ukaweka glasi ya maji juu yake. Jina lake likaandikwa la mwisho kwenye karatasi, aripoti Jumatatu.

Nilidhani atafurahi. Alipanda nyuma ya pikipiki, akaweka msumeno katikati yetu, na hatukufika hata lami kabla hajaanza. Mtu asiyesikia hajui sauti yake ina ukubwa gani, na alikuwa ananifokea ndani ya sikio.

"Nani alikutuma? Nimekuuliza, nani alikutuma kuja kusema?"

"Ungekosa kazi, mjomba!"

"Mimi nilikuwa nataka miaka miwili! Wewe una ishirini mbele! Umechukua ishirini yako ukanunulia miwili yangu, hesabu hiyo nani alikufundisha?"

"Si ungeniambia tu! Jumamosi ungeniambia!"

"Niliuliza kizibo! Ungetaka niulize nini kingine? Na kopo nikanunua, oili mpya, namba arobaini, nikachanganya na yako!"

"Kwa nini hukuimwaga yangu?"

Nilidhani hakunisikia. Nilikuwa nimeshavuta pumzi ya kurudia.

"Ulisema ni zawadi," akasema.

Basi nikapunguza mwendo, maana barabara nilikuwa siioni vizuri. Hakuniuliza kwa nini. Alianza tena kufoka, kuhusu pipa, mpira wa kizibo, mvua, na mlango wa karakana ambao alijua tu nitakuwa nimeuacha wazi, na sikumjibu hata neno moja mpaka tukafika.